Ukuta Uliojengwa Kimya Kimya

Mama Mkuu wa nyumba ya watawa alikuwa na jambo la kumwambia Sista Timazi, na kila alipofungua mdomo lilitoka jambo jingine. Leo aliuliza habari za magoti, kesho akasifia uji. Fundi alishasema bila kupepesa macho: ukuta wa nyuma wa chumba cha kulia ubomolewe kabla ya mvua, la sivyo utajibomoa wenyewe, tena masista wakiwa mezani. Na kati ya wote walioujenga, aliyebaki hai ni Sista Timazi peke yake. Ndiye aliyemlea Mama Mkuu tangu siku yake ya kwanza ya unovisi, alipoanza kujifunza utawa. Mama Mkuu aliogopa kwamba ukuta ukianguka, na bibi wa watu ataanguka nao.

Nyumba yenyewe, ukweli usemwe, haikujengwa bali iliota. Watangulizi walifikia kwenye ghala la mahindi la kuazima, wakalala na panya huku wakimshukuru Mungu kwa paa. Ikaja nyumba ya nyasi, ikaungua. Ndipo wakajifunza kufyatua matofali na kuyachoma, na baada ya hapo hawakushikika: kanisa dogo, bweni, zahanati. Hakuna jengo lililobaki na kazi yake ya kwanza. Bweni likawa darasa, darasa likawa stoo, na banda la kuku likawa ofisi ya Mama Mkuu. Wenye pua kali wanasema siku za joto kuku bado wapo.

Chumba cha kulia kilijengwa na manovisi wenyewe. Zamu ya ukuta wa nyuma iliangukia wiki ya mafungo, na mafungo ya nyumba ile yalikuwa kimya kitupu, hakuna neno mpaka kengele ya mwisho. Mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo kazi haikusimama. Ukuta ulipoanza kuinama, kila mmoja aliona. Mwenye mwiko aliona, mbeba udongo aliona. Huyu alifikiri kusema ni kuvunja kanuni. Yule alifikiri kumkosoa mwenzake ni kiburi, akakitoa kimya chake kiwe sadaka. Basi wakaupandisha hivyo hivyo hadi juu, kwa utakatifu mkubwa.

Kengele ilipolia, wote walisema kwa pamoja: "Umepinda!"

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa siku ile ulikuwa kicheko. Walicheka mpaka mkuu wao wa wakati huo akatoka mbio kuuliza nani amepatwa na nini. Aliutazama ukuta, akawatazama wao, akaamuru uwekewe nguzo ya kuuegemeza na uachwe uwafundishe. Na yule novisi aliyekuwa na timazi, ile kamba yenye chuma inayomwonyesha mwashi kama ukuta umesimama wima, akapata jina ambalo halikumtoka tena.

Hatimaye Mama Mkuu wa sasa alipiga moyo konde. Alimkuta Sista Timazi kwenye kiti chake cha siku zote, chini ya ukuta wenyewe, akichambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo unaulizia magoti au uji?"

Mama Mkuu akaketi. "Bibi, huu ukuta..."

"Unabomolewa."

"Nani kakwambia?"

"Nyufa. Zamani nilikuwa napitisha kucha, siku hizi napitisha kidole. Na huyo fundi wako akiingia humu ananyata kama mwizi wa mayai. Wewe unajua, wenzako wanajua, mimi najua, na sote tumefunga midomo. Hivi nyumba hii haijifunzi?"

Mama Mkuu alicheka huku machozi yakimtoka. "Niliogopa utaumia."

"Nitaumia. Kwani kuumia ni dhambi? Lakini ukuta huu umetulisha chini yake miaka yote, umepinda hivyo hivyo, na haujamwangukia hata paka. Niushukuru kwa hilo. Nikiungoja umuue mtu, shukrani gani hiyo? Uacheni upumzike."

Meza zilitolewa nje, na kiti cha Sista Timazi kikawekwa mbali na vumbi, kikiuelekea ukuta. Vibarua walianzia juu. Yeye alishika rozari lakini hakusali. Alikuwa akiwatambua wenzake kwa matofali yao.

"Hapo ni Mrefu, mwenye mkono mpana. Tazameni udongo alivyoumwaga! Hapo ni Kikohozi. Pole pole hapo, huyo alikuwa mpole."

Vibarua wakacheka, na kweli wakapunguza nguvu.

Tofali la mwisho lilipotoka, vumbi likatua taratibu, na chumba kikajaa mwanga ambao hakijawahi kuuona. Ukuta ule haukuwa na dirisha kwa sababu ya upepo. Sasa, hatua chache tu kutoka pale meza zilipokuwa, yalionekana makaburi ya masista, misalaba yake myeupe imepangwa safu kwa safu. Mrefu alikuwa pale. Kikohozi alikuwa pale. Wote wa wiki ile walikuwa pale. Tangu magoti yalipomgomea, Sista Timazi hakuwahi kuzunguka nyumba kuwafikia.

Mama Mkuu alimshika bega akihofia kilio. Bibi hakulia.

"Fundi," akaita, "ukijenga, niwekee dirisha hapa. Liwe kubwa."

"Sista, upepo wa upande huu utawasumbua."

"Nitavaa sweta."

Kisha akawageukia wenzake kule nje, akawatazama safu ya kwanza hadi ya mwisho, uso wote unang'aa.

"Kumbe mko karibu hivi," akasema. "Na mimi siku zote nakula nimewapa mgongo. Asanteni kwa kunisubiri."