Mvuke wa Jiwe la Bahari

"Hivi Mama Lusia, hayo maua ya bosi wako yanakula nini?" Salome, jirani yake, aliwahi kumwuliza.

"Yanakula nafasi," Bernadina akajibu, wakacheka.

Wala hakuwa akitania. Sebuleni kwa bosi wake Eustace, mnunuzi wa dhahabu pale Geita mjini, palikuwa na bahari ndani ya kioo: maji ya chumvi, taa ya bluu, samaki wawili wenye milia, na juu ya mawe, matumbawe laini mfano wa vifungo vya koti, ya kijani na ya chungwa. Yalikunjuka asubuhi, yakajifumba jioni. Yalianza na jiwe moja. Mvua za vuli zilipokatika, yalikuwa yametambaa juu ya mawe yote na kuyafunika matumbawe mengine hadi yakafia chini yake.

Eustace alipotaka kuyagusa alivaa glavu za kufika kwenye kiwiko na miwani ya fundi wa kuchomelea. Bernadina alidhani ni maringo tu, ya mtu aliyesahau tope la mashimoni.

Kisha siku moja Eustace akapakia mke na watoto garini, akaacha agizo: jiwe kubwa litolewe, lichemshwe mpaka liwe jeupe. Bernadina akalichemsha. Alilifanyia kama kuku anayetaka kunyonyolewa, uso juu ya mvuke, huku analisugua kwa brashi ya viatu. Jioni mate yake yalikuwa na ladha ya shaba. Akatetemeka, kifua kikabana, hewa ikawa inaingia kwa kuibia.

Hospitali walimwuliza amekula nini. Akawatajia ugali na mchicha. Eustace alimletea supu wodini, naye Bernadina, mtu wa rozari, akamwombea kwa kumtaja jina.

Leo ndiyo alikuwa anarudi kazini, kila baada ya nyumba mbili anasimama kutafuta pumzi. Getini akakuta gari linaunguruma, vioo vimepandishwa. Ritha, mke wa Eustace na mama wa Davis, akashusha chake kidogo.

"Shikamoo mama. Umepona?"

"Marahaba. Namshukuru Mungu. Safari tena?"

"Tunawapeleka watoto Kagongwa kwa bibi yao. Baba Davis anachemshiwa mawe yaliyobaki. Anasema ule mvuke ni sumu. Aliyemuuzia alimkanya, hata kuyasugua asiyasugue. Kwani wewe hakukwambia?"

Bernadina akalipita gari, akaingia ndani. Hasira ilimpanda kuanzia nyayoni, kama maji yanavyojaa shimoni wachimbaji wakiwa bado chini.

Jikoni, Rhoda, mama anayefua nguo pale nyumbani, alikuwa amekwishatumbukiza jiwe kwenye sufuria. Kibiriti kilikuwa mkononi. Eustace alisimama mlangoni, anachezesha funguo za gari.

"Mwangaluka, mayu," Rhoda akamsalimu Bernadina kwa Kisukuma.

"Usiwashe."

"Mama Lusia!" Eustace akatabasamu. "Ungepumzika kwanza."

"Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua, ukaondoa wanao. Mimi ukaniacha na sufuria."

"Ah, watu wanatishana tu. Mbona huyo muuzaji anayafuga nyumbani kwake na ni mzima?"

"Anayachemsha?"

Funguo zikanyamaza.

"Mama, wewe ni mtu wa sala," Eustace akasema kwa upole. "Yaliyopita si ndwele."

"Na yajayo ndiyo haya!" Alipiga sufuria kwa kiganja, maji yakaruka. "Ulichoma zebaki ya dhahabu pamoja na marehemu mume wangu, na moshi wake ni sumu. Aliniambia, mwenye dhahabu anakaa upepo unakotoka, kibarua anakalishwa unakokwenda. Nikamwambia Eustace hayumo katika hao. Nilikutetea, Eustace!"

Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Kikohozi kikamkamata, akashika ukuta mpaka kikamwachia. Kisha akafunga dirisha. Akavuta kigoda, akakiweka kando ya jiko.

"Kaa hapa. Kama hakuna neno, Rhoda awashe, wewe ukae nasi tupige soga mpaka jiwe liwe jeupe."

Eustace akacheka. Akacheka peke yake.

"Nachelewa safari, mama."

"Kaa kidogo tu, baba."

"Nimesema nachelewa!" Mguu mmoja ulikuwa tayari nje ya kizingiti. "Rhoda, washa hilo jiko. Usimsikilize huyu, bado anaumwa."

Rhoda akatazama kigoda. Akatazama ule mguu uliokwisha kutoka. Akaweka kibiriti juu ya kigoda, taratibu, akafungua khanga aliyojifunga kiunoni, akaitupa begani, akapita katikati yao, na kutoka bila kusema neno.