Ukurasa wa Arobaini na Nane

Chileshe alikuwa hajamwonyesha mtu gauni lile, na sasa aliliona limevaliwa na mwanamke asiyemjua, mbele ya ofisi ya komini ya Kamalondo, ambako ndoa hufungishwa, kwenye msafara wa maharusi. Mikunjo mitatu begani, ukosi uliochongoka kama jani, hata kifungo cha kiunoni kilikuwa palepale alipokiweka yeye.

Lake lilikuwa bado kabatini: alikuwa amelishona peke yake, akalipiga picha na kulificha kwenye tovuti yake na mafundi wenzake, hadi litangazwe wiki ya sikukuu ya wanawake, mwezi Machi. Aliyejua kuwa lipo ni yeye na Stéphane, kijana aliyewatengenezea tovuti hiyo.

Aliporudi ateliani, kwenye karakana yao ya ushonaji, Lucien, fundi wa suruali wa meza ya pili, alimsikiliza huku akipiga pasi.

"Bantu ba Kasai, mama. Unabayua."

Babu yake Stéphane ndiye aliyetoka Kasai, mkoa ambao watu wake husingiziwa kila kiovu mjini; Stéphane mwenyewe alizaliwa hapahapa Lubumbashi, na baba yake pia. Chileshe alilijua hilo, lakini hakumkatalia Lucien. Alirudi mezani pake, na shaka ikapata pa kukaa.

Siku mbili baadaye Stéphane aliingia na kompyuta yake kwapani.

"Mama, minapenda kubadirisha ma-adresi yote ya site. Angalia hii: modele.php?id=47. Nani ataikumbuka? Tutaweka gauni/mikono-mipana, mutu asome tu na ajue."

"Yote? Leo?"

"Ni muzuri ifanyike mara moja."

Chileshe alivuta kiti, akaketi nyuma yake. Kwa nini sasa? Mwizi akishakula, hufuta mdomo. Akatazama vidole vya kijana vikikimbia kwenye herufi, akajilazimisha kuuliza kwa sauti ya kawaida.

"Hapo unafanya nini?"

"Mutu akiandika jina, seva, ile kompyuta inayotunza site, inalipeleka kwa programu yangu ndogo ya PHP. Programu inatafuta ndani ya orodha: hili jina ni la modeli gani? Ikiipata, inatengeneza ukurasa na kumutumia."

"Na zile namba za zamani?"

"Hazitaonekana tena. Anayezifungua atapelekwa kwa jina jipya."

Hazitaonekana tena. Chileshe hakusikia kilichofuata. Alisimama, cherehani zote zikanyamaza.

"Gauni yangu umeiuzisha kwa nani, Stéphane?"

Kijana aligeuka, akamtazama, kisha akawatazama mafundi mmoja mmoja kama anayetafuta atakayemtetea. Hakumpata. Akafunga kompyuta.

"Mimi, mama?" alisema, akatoka.

Alasiri Chileshe hakushona kitu. Alichukua simu akafungua ukurasa wa 47, wa gauni lililokwisha tangazwa, uleule aliokuwa amewatumia wateja wake mwenyewe kwa WhatsApp, akitafuta alama yoyote ya ujanja wa Stéphane. Akaikodolea macho ile namba. Akafuta saba, akaandika nane.

Gauni lililofichwa likafunguka, na ukosi wake.

Labda simu yake ilikuwa inamtambua kama mwenye mali. Aliazima ya Lucien, ambayo ilikuwa haijawahi kuingia kwenye tovuti kwa neno la siri. Arobaini na nane: likafunguka. Arobaini na tisa: sketi ya Machi, nayo ikafunguka. Alimrudishia Lucien simu yake, akampigia Stéphane.

Stéphane alipokea simu mara ya tatu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Namba zinafuatana, mama," alisema taratibu. "Yeyote anaweza kuhesabu."

Asubuhi alikuja. Hakukaa. Alifungua kumbukumbu za seva na kumwonyesha: siku nyingi kabla ya harusi, simu moja, ndani ya dakika moja, ilifungua kurasa 47, 48, 49, 50, 51, halafu 52, ambayo haikuwepo.

"Ni nani huyo?"

"Seva haiandiki jina ya mutu." Akafungua programu yake. "Kosa yangu ni hii: niliyaondoa magauni ya siri kwa orodha ya ukurasa wa mbele, sikufunga kurasa zenyewe. Na jina zuri peke yake halifungi kitu. Mutu anaweza kulikisia. Programu lazima iulize kwanza: hii imetangazwa? Kama bado, ikatae."

"Basi fanya hivyo, mutoto yangu."

"Nitafanya. Lakini jana uliniita mwizi mbele ya bantu."

Chileshe akawaita wote. Aliwaambia Stéphane hakuiba kitu, kwamba yeye ndiye aliyemsingizia, na kwamba neno la Lucien juu ya watu wa Kasai ni yeye aliyeliacha likae mezani pake. Lucien aliinamia pasi yake, masikio yamewaka.

Kazi ilikwisha saa tisa. Chileshe aliandika jina la sketi ya Machi kwenye simu ya Lucien: ukurasa haupo. Akaandika la gauni lililokwisha tangazwa: hilo hapo. Stéphane alimwandikia maneno ya siri kwenye karatasi, akasema kuanzia mwezi ujao watafute mtu mwingine. Chileshe alimsindikiza hadi barabarani, akarudi na karatasi mkononi.

Hesabu ya mwizi ilianzia ukurasa wa 47, na ukurasa huo Chileshe alikuwa amewatumia wanawake kumi na mmoja. Jumamosi mmoja wao, Clotilde, alikuja kupimwa, akainua shingo kuangalia mchoro uliokuwa mezani.

"Hiyo njo modeli mupya, mama?"

"Bado," alisema Chileshe, akaufunika kwa kipande cha kitenge. Akampima kiuno huku akimchunguza usoni, akijua kwamba kati ya hao kumi na mmoja, kumi hawakumkosea lolote.