Ujumbe Usio na Mkia

Mwaka 1995, kwenye kambi ya wakimbizi wa Rwanda pale Ngara, kazi yangu ilikuwa kutuma majina ya watoto waliopotezana na wazazi. Mashine yetu ilipeleka herufi moja moja kwa njia ya redio hadi Biharamulo, na maneno ya kazi ile tulijitungia wenyewe: kichwa ni anayepelekewa, mzigo ni habari yenyewe, mkia ni idadi ya herufi. Mpokeaji anazihesabu. Zikilingana na mkia, anajibu "nimepokea", zikipungua, "rudia". Bila mkia hakuna kupokea. Kanuni hiyo niliiweka mimi, Secilia, na aliyeivunja nilimsema hadi akome.

Mukeshimana alikuja ofisini kila siku tangu masika, akimtafuta bintiye Ineza, wa miaka sita. Hakusumbua. Alikaa kwenye benchi akinitazama, na ukimya wake ulinichosha kuliko kelele za wengine wote.

Mganga hajigangi. Ijumaa moja betri ilikuwa inakata roho, na majina arobaini yalikuwa bado. Nikaandika: Ineza, miaka sita, mama Mukeshimana, kovu goti la kushoto. Mkia sikuuweka. Nilikuwa nimechoka kuhesabu, huo ndio ukweli. Mzee Kazimili, mpokeaji wa Biharamulo, naye alikuwa amechoka kuuliza. Akajibu: nimepokea.

Alichopokea kilikuwa jina na umri tu; mengine yalipotelea hewani. Kwenye kituo chao cha watoto walikuwapo Ineza wawili wa miaka sita. Aliyeitika kwanza ndiye aliyepandishwa gari.

Jumatatu Mukeshimana alikuja amevaa kitenge cha kuazima. Mtoto akashushwa. Mukeshimana akapiga magoti, akapandisha gauni la mtoto kidogo, akatazama goti la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena.

"Si wangu," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. "Kosa ni langu, mama. Nisamehe. Natuma tena sasa hivi."

"Tuma. Na huyu?"

"Atarudi na gari hilo hilo."

Dereva akafungua mlango. Mtoto hakujua Kiswahili, lakini mlango aliuelewa. Hakulia. Alishika pindo la kitenge cha Mukeshimana, akamwuliza kwa Kinyarwanda, nami Mhangaza, ambaye lugha yetu ya Ngara inakaribiana na yao, nikasikia kila neno:

"Naweza kukaa mpaka yule Ineza mwingine aje?"