Tuma Picha ya Skrini

"Haifanyi kazi." Basi, hiyo ndiyo ripoti nzima. Nyingine: "Mbovu!!!" Ya tatu: "Rekebisheni." Jamani, nirekebishe nini? Hata mganga huuliza unaumwa wapi!

Programu yetu huwasomea vipofu kwa sauti yaliyomo kwenye simu. Ni ya bure, na tunaoitengeneza tunajitolea. Tulikuwa wanne. Mmoja kaoa, mmoja kachoka, wa tatu kaondoka bila kuaga, nikabaki mimi na ripoti zangu kila nikitoka kazini, mkono mmoja kijiko, mwingine kibodi. Niliianza kwa ajili ya mjomba, kaka yake mama, alipopoteza macho akaachishwa uhariri. Sasa alikuwa akisubiri ujumbe wa wachapishaji fulani. Wakimwita, anarudi kazini. "Waniite tu, mpwa wangu, uone nitakavyofunga tai!"

Nilipotoa toleo jipya, ripoti zikamiminika. Hasira zikanipanda. Nikatunga jibu moja la kuwabandikia wote: "Maelezo hayatoshi. Eleza hatua kwa hatua na utume picha ya skrini. Usipojibu, tunaifunga ripoti yako." Nikajiona mjanja kweli.

Moja ilikuja bila jina: "haisrmi tena nsaidir". Nikacheka peke yangu, huyu hata kuandika hajui! Nikambandikia jibu langu. Kimya. Nikaifunga ripoti yake, na za wenzake wote nikazifunga.

Mjomba naye kimya. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Nikasema kanisusa, na mimi nikanuna.

Wiki iliyofuata mama akanituma nimpelekee mjomba mashuka. Nikamkuta amekaa kitandani, simu iko mezani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

"Mbona umenitupa hivyo?"

"Simu haisemi tangu ulipobadilisha mambo yako, hata ikiita sijui pa kubonyeza. Lakini si nilikuandikia?"

"Uliniandikia lini?"

"Niliitikisa kama ulivyonifundisha, ukurasa wa ripoti ufunguke. Nikapapasa herufi hivyo hivyo, sisikii kitu. Jirani aliporudi safari ndiye aliyenisomea jibu lako."

Nikakaa kwenye mashuka yake.

"Akanisomea na ujumbe wa wachapishaji," akaendelea. "Walitaka niwajibu siku ile ile. Wameshampa mwingine."

Nikaichukua simu. Kosa lilikuwa langu, mstari mmoja tu wa programu niliouandika nikiwa na usingizi. Nikaurekebisha; sikumaliza hata kikombe cha chai, simu ikaanza kusema, ikamsomea saa.

"Sikujua ni wewe, mjomba. Wallahi sikujua."

"Mimi nilijua una kazi nyingi, ndiyo maana sikukusumbua tena." Akanigeukia. "Ila ile picha uliyoitaka, mpwa wangu. Nimeiwaza sana. Ulitaka nipige picha ya nini?"

Nililia, naye akanipapasa kichwa kama vile mimi ndiye niliyekosa kazi.

Nyumbani nikazifungua upya ripoti zote nilizozifunga. Haifanyi kazi. Mbovu. Rekebisheni. Nikamwandikia kila mmoja: samahani, kosa ni letu, toleo lililorekebishwa liko tayari, bonyeza hapa chini. Nikazituma zote, ndipo nikakumbuka simu zao hazisemi.