Kimya cha Jumamosi

Heldur alikuwa bahili wa maneno. Ndiye aliyemlea Leelo baada ya dada yake, mama wa Leelo, kufariki, na katika miaka yote hiyo walizungumza sawasawa mahali pamoja tu: kwenye benchi la sauna, Jumamosi, mvuke ukiwachoma masikio. Kwa hiyo Leelo hakushangaa mzee alipofungua kinywa humo.

"Nimeuza ule msitu wa misonobari."

"Wote, mjomba?"

"Wote. Mgongo umenigomea, nani atakata miti? Pesa nawapelekea wale vijana wa Tallinn, wa sarafu za kidijitali. Kampuni yao inaitwa Hõbeoks." Akacheka. "Usinikodolee macho! Wana leseni ya serikali, nimeiona. Na serikali si ndiyo wewe?"

Leelo alikuwa mkaguzi wa serikali wa masoko ya sarafu hizo. Alijua kwamba leseni ile ilithibitisha tu kuwa kampuni imeahidi kuwatambua wateja wake na kutopokea fedha chafu. Akiba ya mtu haikuilinda hata kidogo. Alijua pia kuwa Alhamisi ofisi yake ingeifuta leseni hiyo na kuzuia akaunti zote za kampuni. Lakini sheria ilimfunga mdomo, kwa kuwa siri ikivuja, wakubwa huwahi kutoa chao na wanyonge hubaki mlangoni. Sheria hiyo aliiamini. Alishiriki hata kuiandika.

"Basi ni salama?" Heldur akauliza.

Angeweza kusema "Subiri", akaishia hapo. Badala yake alichota maji, akayamwaga juu ya mawe ya moto, akanyamaza. Alidhani kimya kile kimetosha kumwonya. Mjomba aliyemlea angekosaje kukisikia?

"Haya," Heldur akasema. "Nimekuelewa."

Alielewa kama wanavyoelewa watu wa kwao: mwenye pingamizi husema, anyamazaye amekubali. Jumatatu akatuma pesa zote.

Alhamisi jioni alipiga simu. "Leelo, ukurasa wao haufunguki. Nadhani ni huu mtandao wetu wa kijijini, eh?"

Jumamosi Leelo alikwenda akitamani kutukanwa, maana angepata nafuu. Akakuta sauna imeshapata moto, na taulo lake limetundikwa mahali pake.

"Usijitese, mwanangu," Heldur akamwambia walipokwisha kukaa. "Ungejua ungeniambia. Pesa zile zilikuwa ziwe zako, nikishafukiwa."

Sasa tangazo la kufutwa kwa leseni lilikuwa hadharani, hakuna sheria ya kumzuia. Na uongo nao ulikuwa rahisi kupita kiasi, haukuhitaji hata kutamkwa. Angenyamaza tu.

"Nilijua, mjomba."

Heldur akashuka kwenye benchi taratibu, akishika ukuta, akatoka. Mzee huyu, ambaye tangu Leelo akiwa mtoto alimfokea kila aliyeacha mlango wa sauna wazi na kupoteza joto, aliuacha wazi. Leelo akabaki pale juu, baridi ikiingia, asithubutu kwenda kuufunga.