Vichwa vya Mafunjo

Tangu Patou alipomwoa Musoki, mama yake Patou, Pétronille, hakuwahi kukanyaga parseli yao, kiwanja chao cha Bunia. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba kwao Mahagi, kando ya ziwa, kumejaa wasichana, sasa Patou alikwenda kutafuta nini kwa Wanande, watu wa Musoki? Kisha Arielle akazaliwa, akaanza kutambaa, na siku moja Pétronille akashuka kwenye gari na kuku wawili na mfuko wa samaki wakavu. Musoki akajiambia: safari hii nisikosee. Akirudi na uchungu, hatakuja tena.

Mbele ya nyumba, ndani ya mabeseni yaliyochakaa na nusu ya pipa, Musoki alikuwa na mafunjo yake. Si yale marefu ya ziwani. Ni ndugu zao wadogo, wenye vichwa vilivyofunguka kama miavuli. Aliyapa tope la mtoni, akatandaza changarawe juu ili mbu wasipate pa kutagia, na kila asubuhi akayamwagia maji aliyosuuzia mboga.

"Siye kwetu hii kitu inameaka yenyewe," Pétronille alimwambia siku ya kwanza. "Weye unaichungaka kama mbuzi."

"Mbuzi angekuwa amekwisha kula maua ya jirani, mama," Musoki alijibu, na wote wawili wakacheka kidogo, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya usafi ya wote, avenue nzima iko nje na majembe. Musoki alikwenda kuzibua mtaro pamoja na majirani, akamwachia bibi mtoto. Aliporudi, Arielle alikuwa amelala mgongoni mwa bibi yake, na mabeseni yote yalikuwa na upara.

Mashina yalikuwa yamepangwa juani, marefu kwa marefu, mafupi kwa mafupi. Vichwa vilitupwa karibu na shimo la takataka.

"Nimekusaidia salongo," Pétronille alisema, uso wake umetulia kabisa. "Chef wa avenue akipita, asikute pori kwa mutoto yangu. Na hii mashina nitashonea Arielle mukeka. Ilikuwa inaanza kuzeeka. Ku ziwa tungekuwa tumeikata zamani."

Musoki alisimama na jembe mkononi. Angeweza kusema asante na kumeza. Lakini aliona wazi mambo yatakavyokwenda: mama angekata tena, naye angetabasamu tena, mpaka siku moja watakuwa wanachukiana kwa adabu.

"Mama, ile haikukuwa pori. Nilikuwa naiangalia."

"Kuangalia majani?"

"Ee. Masista wa parokia walinipatia kipande kimoja nikiwa na mimba. Sikukuwa najua mutu hapa. Patou anashindaka ku moto yake, anabebaka watu mpaka jioni. Nilikuwa naiongeleshaka."

Pétronille alipangusa kisu kwenye kikwembe chake, upande huu, kisha upande ule.

"Basi nimeharibu," alisema. "Kesho nitatafuta gari."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Musoki. Mtu mwenye hasira unaweza kumbembeleza. Akaangusha jembe, akaenda kwenye takataka, akaanza kuokota vichwa.

"Kuya unisaidie, mama. Jua itavikausha."

Akamweleza. Mvua ya mawe iliwahi kuvunja shina moja, kichwa kikainamia majini, na baada ya muda kikatoa watoto. Ndivyo beseni moja lilivyozaa mengine. Unaacha shina fupi kama kidole, unapunguza majani nusu, unakilaza majini kichwa chini.

"Kichwa chini," Pétronille alirudia. Akamsogeza Arielle vizuri mgongoni. "Hata mutoto anakujaka vile. Tujaribu."

Wakaketi barazani, wakakata.

"Weye unaonea majani yako huruma," alisema Pétronille. "Punguza."

Gari la Jumapili likaondoka bila yeye. Alisema anangoja tu kuona uongo wa Wanande unaishia wapi. Kila asubuhi alibadilisha maji mwenyewe. Vichwa vingine vilioza, vikanuka, akavitupa. Halafu asubuhi moja akaita, "Mama Arielle, kuya," na Musoki akakuta nyuzi nyeupe zikining'inia majini, na kwenye mabeseni yale ya zamani ncha za kijani zikichungulia kati ya changarawe.

Siku ya safari, Pétronille alipakata bidoni la plastiki lililokatwa juu, ndani yake vichwa vilivyoota.

"Watu ya ziwa watanicheka. Nimetoka Bunia na majani."

"Uwaambie hii ni ya kupamba nyumba. Usiache tope ikauke tu."

"Ikinishinda, utakuya uiangalie. Na mutoto."

Musoki alikuwa hajawahi kufika Mahagi. Hakuna aliyewahi kumwita.

"Na kama haitakushinda, mama?"

Pétronille alikuwa anahangaika na mfuniko wa kapu, hakuinua macho.

"Utakuya tu."