Kola Iliyopinda

Nilinunua shati la Idi kwa taka mia na hamsini, pesa ya hapa Bangladesh; mali iliyokataliwa viwandani kwetu Ashulia. Nikamringia dada yangu Shefali, mshona kola kiwandani.

"Dada, mwone bwana harusi!"

Akaigeuza kola, uso ukamkunjamana. "Mshono huu uliopinda ni wangu. Siku ile msimamizi alininyima ruhusa ya choo, nikajikojolea palepale kwenye kiti, nikaendelea kushona."

Nikaanza kulivua. "Nilirudishe?"

"Halafu uswali na nini, chizi wewe? La zamani limechanika mgongoni. Vaa!"

Nililifua mara tatu. Baada ya swala, marafiki waliishika kola hiyo wakishangilia nilipowatajia bei. "Bei poa! Umelipata wapi?"

Nilimkumbuka Shefali kwenye kile kiti, lakini nikawaelekeza.